Mwenye Vyombo Si Mwenye Muziki

Mwaka 1985 mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Hugo Kisima, alifanya tendo ambalo wapenzi wa muziki wa dansi hawajaacha kulibishania hadi leo. Alikuwa na bendi yake, Orchestra Safari Sound, iliyovuma kwa mtindo wa Masantula na iliyopata sifa kubwa chini ya mpiga gitaa Ndala Kasheba. Bendi hiyo akaivunja. Kisha akawaendea wanamuziki wa DDC Mlimani Park, bendi iliyokuwa mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, akawachukua 6 waliokuwa nguzo zake, miongoni mwao mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar. Kwa watu hao akaunda kundi jipya, International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule.

Tangu siku hiyo jina la Kisima limekuwa na sura mbili. Kwa wapenzi wa Sikinde yeye ni mnyang'anyi aliyebomoa nyumba ya watu kwa noti. Kwa wapenzi wa Ndekule yeye ni mlezi, mtu aliyethubutu kuwapa wanamuziki thamani ambayo mashirika yalishindwa kuwapa. Mabishano hayo yamesikika barazani, katika mabasi, na hata katika ofisi za walimu wakati wa mapumziko, na kila upande hujiona umeshinda. Napenda kusema bila kumung'unya maneno kwamba pande zote mbili zimekimbiza kivuli na kuliacha jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: ilikuwaje mtu mmoja aweze kutamka asubuhi kwamba bendi fulani haipo, na kweli jioni isiwepo?

Tuanze na hao wanaomwita mwizi. Mwanamuziki si mbuzi hata aibwe. Gurumo na Balthazar walikuwa watu wazima na mabingwa wa kazi yao, na mfanyakazi anayemwacha mwajiri mmoja akamfuata mwingine kwa kutafuta ujira bora hatendi kosa lolote. Mwalimu anapoacha kufundisha akaenda kufanya kazi wizarani, hakuna anayepiga yowe kwamba wizara imeiba. Na kama kuhamisha wanamuziki ni wizi, basi Sikinde yenyewe ilizaliwa kwa wizi. Mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi iliyoitwa TTTS ilipotaka bendi ya kupiga katika baa yake ya Mlimani Park, ilimchukua Gurumo kutoka Juwata Jazz na Balthazar kutoka Dar International. Shirika la DDC likaipokea bendi hiyo mwaka 1983. Hao waliolia mwaka 1985 walisahau kwamba miaka 7 tu nyuma wao ndio waliokuwa wakishangilia, na wengine ndio waliokuwa wakilia.

Hata NUTA, chama cha wafanyakazi, kilipoanzisha bendi yake mwaka 1964 hakikuwaotesha wanamuziki shambani. Kilikusanya watu waliokuwa wamekwisha kufunzwa na vilabu vya muziki. Na hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu habari ya vilabu hivyo imesahauliwa, na kuisahau kumetugharimu.

Kabla ya chama, shirika na tajiri kuingia katika muziki, bendi ilikuwa klabu. Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944, na vilabu vingine vingi vya pwani na bara, vilikuwa na mwenyekiti, katibu na mtunza hazina kama chama kingine chochote cha wananchi. Wanachama walichanga senti zao, wakanunua tarumbeta, ngoma na magitaa, na vyombo hivyo vikawa mali ya klabu. Mpigaji aliyegombana na wenzake aliweza kuondoka, lakini hapakuwa na mtu mmoja wa kuvifungia vyombo chumbani na kutia ufunguo mfukoni. Sisemi kwamba vilabu vile vilikuwa pepo. Vilikuwa na ugomvi wa fedha, vilikuwa na ubaguzi wa mitaa na wa makabila, na mwanachama alipata kidogo sana, maana wengi walikuwa na kazi nyingine mchana na muziki ulikuwa wa jioni. Lakini juu ya swali la nani mwenye bendi, jibu lilikuwa moja na kila mtu alilijua.

Jibu hilo lilibadilika pale muziki ulipokuwa ajira ya kutwa. NUTA ilinunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara wa mwezi. Baadaye majeshi, mashirika ya umma na jumuiya za vijana zikafanya vivyo hivyo. Lilikuwa jambo jema, tena la kujivunia. Katika nchi nyingi mpiga gitaa alihesabiwa mhuni, lakini kwetu aliajiriwa kama karani. Hata hivyo, pamoja na mshahara huo kilikuja kitu ambacho hakuna aliyekitazama kwa makini: vyombo vilikuwa vya mwajiri, jina lilikuwa la mwajiri, na mwajiri alipobadili mawazo, mwanamuziki alibaki na koo lake na vidole vyake.

Ndipo alipotokea mtu wa aina ya Hugo Kisima. Haki inataka tuseme wazi alichokifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa katika dhiki kubwa ya fedha za kigeni. Gitaa, kipaza sauti, hata nyuzi, vilikuwa vitu vya kuagizwa kutoka nje, na kibali cha kuagiza kilikuwa adimu. Ni mwaka 1984 tu serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa maswali mengi. Katika hali hiyo, mtu binafsi aliyekuwa na seti kamili ya vyombo, na ukumbi wake mwenyewe wa Safari Resort kule Kimara, kando ya barabara ya Morogoro, alikuwa amethubutu kuweka mali yake mahali ambapo wenzake waliona hasara. Aliajiri, alilipa, na alilazimisha mashirika yatambue kwamba mwanamuziki bora ana bei. Sikinde nayo haikufa. Ilijaza nafasi zilizoachwa ikaendelea kutunga na kupiga, na wengi wanakiri kwamba ushindani wa Sikinde, Msondo na Ndekule ulizaa nyimbo ambazo hazikuwa na mfano. Kwa hayo Kisima anastahili shukrani.

Lakini shukrani si cheti cha kufuta maswali. Hebu tuangalie fedha ilipita wapi.

Siku zile bendi haikuwa na mahali pengine pa kupata riziki isipokuwa mlangoni. Nyimbo zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikachezwa mchana na usiku nchi nzima, na kila mtoto akazijua, lakini mtunzi hakuendelea kupata senti kila wimbo wake ulipochezwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwapo vitabuni, lakini chombo cha kukusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi hakikuwapo hadi sheria ya mwaka 1999 ilipounda COSOTA. Kanda zilinakiliwa madukani kama mikate. Hivyo basi redio iliijenga bendi jina, jina likavuta watu ukumbini, na kiingilio cha watu hao ndicho kilichokuwa chakula cha mwanamuziki. Katika kumbi nyingi desturi ilikuwa kwamba mlango ni wa bendi na bia ni za mwenye baa. Desturi hiyo ina haki yake pale mwenye baa na mwenye bendi wanapokuwa watu wawili, kwa sababu kila mmoja humchunga mwenziwe. Wanapokuwa mtu mmoja, nani anamchunga nani? Mwenye ukumbi, mwenye bia, mwenye vyombo, mwenye kuhesabu tiketi na mwenye kupanga mshahara ni yule yule. Simtuhumu mtu kwamba aliiba hata shilingi moja. Nasema kwamba mpangilio wa namna hiyo hauhitaji mwizi ili mwanamuziki apunjike.

Na hata upunjaji wa fedha si ubaya mkubwa kuliko wote. Ubaya mkubwa ni ule uwezo wa kuvunja. Sifa ya Masantula haikujengwa na spika. Ilijengwa na watu, kwa mazoezi ya mchana wa jua na kwa usiku mwingi wa kusimama jukwaani hadi alfajiri. Siku mwenye vyombo alipoona faida zaidi mahali pengine, sifa hiyo yote ilikunjwa kama mkeka. Wapenzi wanaomsifu Kisima kwa kuunda Ndekule hawajiulizi juu ya wale waliokuwa katika bendi iliyovunjwa ili Ndekule ipate nafasi. Kasheba alikuwa na jina lake, na baadaye akawa na kundi lake la Zaita Musica. Lakini bendi ya dansi ina watu zaidi ya 10, na si kila mmoja ana jina la kumbeba. Mpiga tumba, mpulizaji wa tatu, na yule kijana wa kufunga nyaya, wao huenda wapi siku hiyo?

Nawasikia wanaoniuliza: je, mwenye mali hana haki ya kuacha biashara yake? Anayo. Mwenye kiwanda naye anayo. Lakini tangu zamani tumekubaliana kwamba anayefunga kiwanda hawezi kuwafukuza watu kama kuku. Kuna taarifa, kuna malipo ya kuachishwa, kuna cheti cha kazi. Kwa nini bendi ionekane kuwa kitu cha mzaha, kinachofungwa kwa neno la mdomo?

Sasa nimtaje tena Gurumo, kwa sababu maisha yake yanajibu mabishano haya vizuri kuliko hoja zangu. Baada ya miaka michache ya Ndekule aliondoka, akarudi kwa wenzake wa zamani wa Msondo, na huko akamalizia kazi yake. Alistaafu mwaka 2013, akiwa ameimba kwa zaidi ya miaka 50. Alipostaafu alisema hadharani kwamba katika miaka yote hiyo muziki haukumwezesha kumiliki hata baiskeli. Msanii kijana, Diamond Platnumz, aliguswa na maneno hayo akamzawadia gari. Taifa zima likapiga makofi. Mzee huyo alifariki Aprili 2014, hata mwaka mmoja haujapita tangu makofi hayo.

Nami simlaumu kijana aliyetoa gari; alifanya alichoweza, tena kwa moyo safi. Ninalolaumu ni yale makofi. Mtu aliyewaimbia babu, baba na mjukuu hakupaswa kungojea huruma ya jukwaani ili apate magurudumu. Alipaswa kuwa na pensheni.

Mtetezi wa matajiri ataruka hapa na kusema kwamba Gurumo alikuwa kwa Kisima kwa miaka michache tu, na kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliimba chini ya chama na mashirika. Basi lawama ziende huko. Nakubali bila kinyongo, na ndiyo sababu nilisema toka mwanzo kwamba ugomvi wa tajiri na shirika ni kivuli. Mtu mmoja alipita kwa chama cha wafanyakazi, kwa kampuni ya teksi, kwa shirika la jiji, kwa mfanyabiashara binafsi, kisha akarudi alikoanzia. Kote alikopita alikuta jambo moja halibadiliki: vyombo si vyake, jina la bendi si lake, na nyimbo alizotunga zikawa za kila mtu isipokuwa yeye. Anayetaka kumtundika Kisima peke yake kwa kosa hilo anawafichia wengine. Anayetaka kumsafisha kwa sababu wengine nao walikosa anafanya kosa lile lile kwa mkono mwingine.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale, na kwamba bendi za dansi zimebaki chache. Sivyo. Kilichobadilika ni vyombo tu. Mwenye vyombo wa zamani alikuwa na magitaa na spika. Wa siku hizi ana studio, kamera za video, akaunti za mitandao na jina la lebo. Kijana anaingia hana kitu, anapewa nyumba, nguo na gari la kutembelea, naye huona amefika. Siku akitaka kuondoka ndipo huonyeshwa hesabu. Mwaka 2019 mwanamuziki mmoja mashuhuri wa Bongo Fleva alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili ajitoe katika lebo iliyomkuza. Sina nia ya kuihukumu kesi hiyo, kwa maana anayekuza naye hutumia fedha na anastahili kuzirudisha. Lakini linganisha. Mwaka 1985 mwenye vyombo aliweza kumwondoa mwanamuziki bila kumlipa; siku hizi mwanamuziki hawezi kujiondoa bila kulipa. Zote mbili ni mlango mmoja, na ufunguo wake umebaki katika mfuko ule ule.

Mameneja na mapromota hujitetea kwa kusema wao si waajiri bali ni walezi wa vipaji, na kwamba mwanamuziki ni mshirika wao. Neno ulezi ni tamu sana. Mlezi haulizwi mshahara, wala mtoto hadai likizo. Bahati njema ni kwamba sheria zetu hazikulewa utamu huo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inataja alama za kumtambua mfanyakazi hata kama mkataba wake unamwita jina jingine. Miongoni mwake ni kwamba saa zake za kazi zinaongozwa na mtu mwingine, kwamba anamtegemea mtu huyo kiuchumi, na kwamba vitendea kazi vyake anapewa na mtu huyo. Vitendea kazi! Laiti wazee wetu wa dansi wangelisoma maneno hayo. Yule aliyejidai kwa kusema "vyombo ni vyangu" alikuwa, kwa kinywa chake mwenyewe, anakiri kwamba yeye ni mwajiri.

Na akishakuwa mwajiri, mengine yanafuata bila ubishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inamtaka ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi juu ya kazi yake, tarehe ya kuanza, saa zake na ujira wake. Akimwachisha baada ya mwaka mmoja au zaidi wa kazi mfululizo, bila kosa la mfanyakazi, anamlipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi kufikia miaka 10. Na katika mfuko wa hifadhi ya jamii unachangwa mchango wa asilimia 20 ya mshahara, ambamo mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu. Hesabu ndogo tu itaonyesha mwimbaji wa miaka 50 angelikuwa na nini mkononi kama mambo haya yangelifuatwa tangu ujana wake.

Ndugu watumishi na walimu, ninyi mnayajua haya kuliko wote. Kila mmoja wenu ana barua ya ajira iliyohifadhiwa sandukuni, anaijua tarehe yake ya kustaafu, na makato yake anayalalamikia kila mwisho wa mwezi huku akijua yatamfaa. Mpiga gitaa aliyewachezesha siku ya harusi yenu hana hata kipande cha karatasi. Tena ninyi mko mahali pa kusaidia. Mwanafunzi mwenye sauti nzuri hupita kwanza mbele ya mwalimu kabla hajapita mbele ya promota. Mwalimu anayemfundisha kusoma shairi anaweza pia kumfundisha kusoma mkataba, na kumwambia asitie sahihi karatasi asiyopewa nakala yake.

Ama maafisa utamaduni wa wilaya, kwenu nina ombi moja lisilohitaji bajeti wala semina. Mwenye bendi au promota hawezi kukwepa meza zenu; huja kutafuta kibali cha onyesho, huja kutafuta barua, huja kutafuta mhuri. Amezoea kuulizwa ada, jina la ukumbi na saa ya kufunga. Mwulizeni na haya: mikataba ya wanamuziki wako iko wapi, nani anahesabu tiketi pamoja nawe mlangoni, na namba zao za uanachama katika mfuko wa hifadhi ya jamii ni zipi? Akiwa nazo, mpeni mhuri wake mara moja na mumtakie onyesho jema. Akisema yeye ni mlezi tu, mrudishieni fomu yake.